Igizo shirikishi ni nini, na linafunza nini kuhusu mapenzi?

Mwanafunzi wa Nairobi si mgeni wa jukwaa. Tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza limekuwapo tangu 1959, na muhula wa kwanza ukifika utasikia vikundi vikikariri mistari hadi jioni. Igizo shirikishi ni mchezo wa aina nyingine: hakuna mistari ya kukariri, hakuna majaji, na mtazamaji ana ruhusa ya kuuvuruga. Mbinu hii iliasisiwa na Mbrazili Augusto Boal miaka ya 1970, akitaka wanaoonewa wapate mahali pa kujaribu kujitetea bila kuumia.

Chukua darasa la Kidato cha Tatu, madawati yamesukumwa ukutani. Mvulana na msichana wanaigiza wapenzi wanaoongea kwa simu.

"Nimekupigia mara tatu."

"Nilikuwa kwa matatu, kelele nyingi."

"Matatu gani? Na nani? Nitumie lokesheni."

Darasa linaangua kicheko. Kicheko hicho nakipenda, maana watu hucheka hivyo kwa maneno waliyokwisha kuyasikia mahali. Msichana anatuma lokesheni, kisha picha, kisha anashuka kabla ya steji yake ili amridhishe. Igizo linaisha vibaya makusudi.

Halafu linaanza upya. Safari hii yeyote anayeona mahali pa kugeuza mambo anapaza sauti, "Simama!", anachukua nafasi ya msichana na kujaribu njia yake. Mmoja anazima simu. Mwingine anasema, "Nitakupigia nikifika nyumbani," basi. Mvulana naye hakubali kirahisi: anabembeleza, anatisha, analia. Kanuni ni kwamba anayebadilishwa ni anayeonewa, si anayeonea. Ukimfanya mvulana malaika ghafla, mchezo umekwisha na hakuna aliyejifunza kitu.

Kila mara hatakosa wa kuuliza, "Lakini si anamjali tu?" Swali hilo ndilo kiini cha zoezi zima. Mwezeshaji mzuri halijibu. Anauliza lake: msichana akikataa, itakuwaje? Palipo na afya, mwenzako atanuna kidogo, pengine mtabishana, kisha maisha yataendelea. Palipo na dhuluma, kukataa kuna adhabu: matusi, kukatiwa nauli uliyozoea kutumiwa, kutishiwa kwamba picha zako zitasambazwa, kupigwa marufuku kuonekana na marafiki fulani. Kofi huja baadaye, na wakati mwingine haliji kabisa. Sheria ya Kenya ya 2015 dhidi ya dhuluma za nyumbani nayo haiishii kwenye kipigo. Inataja dhuluma ya kihisia, ya kiuchumi, hata kumfuatafuata mtu.

Hadithi lazima iwe ya kubuni. Mwanafunzi asiombwe kamwe kuigiza yaliyompata mwenyewe, wala ya dada yake. Hata hivyo, huenda yupo atakayeisikia simu yake katika ile ya igizo, naye hatathubutu kusema mbele ya wenzake. Kwa hiyo mwezeshaji aandike ubaoni 116, nambari ya watoto, na 1195, ya dhuluma za kijinsia, zote za bure. Kisha asiwe na haraka ya kuondoka: maswali mazito huja wakati wa kurudisha madawati.