Je, wajua Wakristo wa kwanza walimtambuaje nabii wa uongo?

Kuelekea mwisho wa karne ya kwanza, Wakristo wa Siria hawakuwa na majengo ya ibada, wala hawakuwa na Agano Jipya lililokusanywa katika kitabu kimoja kama tulilonalo leo. Walikutana majumbani, na sehemu kubwa ya mafundisho waliyoyapata ililetwa na watu waliosafiri kutoka mji hadi mji: mitume, manabii na walimu. Mtu wa namna hiyo akibisha hodi jioni, akasema kwamba ametumwa na Bwana na kwamba Roho hunena kwa kinywa chake, wenyeji wangejuaje kama asemayo ni kweli? Kumpokea mdanganyifu kulikuwa hatari, lakini kumfukuza mjumbe wa kweli kulitisha zaidi, kwa maana waliamini maneno ya Yesu kwamba awapokeaye wajumbe wake ampokea yeye mwenyewe.

Jibu lao limehifadhiwa katika andiko fupi la sura 16 liitwalo Didache, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Wataalamu wengi hukadiria kwamba liliandikwa kati ya mwisho wa karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili, na wengi wao huelekea kusema kwamba lilitoka Siria. Mwaka 367, Athanasio wa Aleksandria alipoorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya katika barua yake ya Pasaka, hakulihesabu miongoni mwa vitabu hivyo, bali alilitaja kuwa moja ya maandiko yanayofaa kusomwa na watu wanaoanza kufundishwa imani. Baadaye likapotea, likabaki kujulikana kwa jina na kwa vipande tu, mpaka mwaka 1873 Philotheos Bryennios, msomi wa Kanisa la Kiorthodoksi, alipolikuta Constantinople ndani ya kitabu cha ngozi kilichonakiliwa mwaka 1056. Alilichapisha mwaka 1883.

Sura ya 11 ndiyo inayoshughulikia wageni hao, na vipimo vyake ni vya kushangaza kwa jinsi vilivyo vya kawaida. Mtume apokewe kama Bwana, lakini asikae zaidi ya siku moja, au siku mbili ikiwa kuna haja. Akikaa siku tatu, ni nabii wa uongo. Anapoondoka apewe mkate wa kumfikisha mahali atakapolala, wala asipewe kingine. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Nabii akiagiza meza iandaliwe huku akidai kwamba ni Roho aliyeagiza, asile chakula hicho yeye mwenyewe. Akila, ni nabii wa uongo. Na nabii anayefundisha kweli asitende anayoyafundisha, naye vilevile ni wa uongo.

Miujiza haimo kabisa katika vipimo hivyo. Andiko halimwambii msomaji aangalie kama mgonjwa aliyeombewa amepona, au kama jambo lililotabiriwa limetimia. Sababu inaonekana katika sura ya mwisho, inayoonya kwamba siku za mwisho atatokea mdanganyifu wa ulimwengu ambaye naye atafanya ishara na maajabu. Ikiwa ishara zinaweza kutoka hata kwa huyo, basi haziwezi kuwa ushahidi wa kutosha. Kinachobaki ni mwenendo, sawasawa na maneno ya Yesu katika Mathayo 7: "Mtawatambua kwa matunda yao."

Kuna sehemu moja ambayo wasomaji wengi huona ina utata. Sura ya 11 inakataza waumini kumjaribu au kumhukumu nabii wakati anaponena katika Roho, na inaliita jambo hilo dhambi isiyosamehewa. Kisha mara moja inaongeza kwamba si kila anenaye katika Roho ni nabii, isipokuwa awe na mwenendo wa Bwana. Kwa maoni yangu hapa ndipo ilipo hekima kubwa ya andiko hili. Waumini wanaheshimu hofu ya Mungu kuhusu neno lenyewe, lakini hawavuliwi wajibu wa kutazama maisha ya mnenaji, na mtu akitamka katika Roho, "Nipeni fedha," wameamriwa wasimsikilize. Akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, asihukumiwe. Mwumini wa leo anayeambiwa kwamba kuhoji sadaka inayodaiwa na nabii ni kukosa imani anapaswa kujua kwamba Wakristo wa mwanzo walifundishwa kinyume chake, tena na watu walioamini unabii kwa moyo wote.

Hofu yao haikuwa ya kubuni. Lukiano wa Samosata, mwandishi mpagani wa karne ya pili, anasimulia habari za Peregrinus, mtu aliyejiunga na Wakristo wa Palestina, akapata cheo kati yao, na alipofungwa gerezani akaletewa fedha nyingi na waumini kutoka hata miji ya Asia, yaani jimbo la Kirumi lililokuwa magharibi mwa Uturuki ya leo. Lukiano aliwadhihaki Wakristo, akisema kwamba laghai yeyote mjanja angeweza kutajirika kwao kwa muda mfupi. Huko Roma, katika karne hiyohiyo, andiko liitwalo Mchungaji wa Herma lilionya kuhusu nabii anayependa kiti cha mbele, anayepokea malipo kwa unabii wake na kunyamaza asipolipwa, na anayekwepa kusanyiko la wenye haki ili awatabirie wenye mashaka pembeni.

Hata hivyo, Didache haikufundisha uchoyo. Sura ya 12 inaamuru kila ajaye kwa jina la Bwana apokewe kwanza, kisha ndipo apimwe. Msafiri asaidiwe kadiri inavyowezekana, naye akae siku mbili, au tatu ikibidi; akitaka kubaki na ana ufundi, afanye kazi ale. Waswahili wataitambua sheria hiyo mara moja, maana ni ileile ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asiye na ufundi atafutiwe njia ya kuishi pamoja nao bila kukaa bure, na asiyekubali utaratibu huo anaitwa mtu anayemfanyia Kristo biashara.

Nabii wa kweli aliyeamua kukaa kwao alitendewa kwa ukarimu mkubwa. Sura ya 13 inasema kwamba anastahili chakula chake kama mfanyakazi yeyote, na inawaagiza waumini wampe malimbuko ya divai, ya nafaka, ya ng'ombe na kondoo, ya mkate unaookwa, na hata ya fedha na nguo, kwa kuwa manabii ni makuhani wao wakuu. Katikati ya maagizo hayo kuna sentensi fupi kwa ajili ya mahali ambapo hakuna nabii: malimbuko yote hayo wapewe maskini.