Mbwa wa Jirani Anapobweka Usiku Kucha: Pa Kuanzia kwa Pande Zote Mbili

Malalamiko mengi ya mbwa katika mitaa ya Nairobi yana chanzo kimoja. Mtu ananunua mbwa wa ulinzi na kumjengea kibanda cha mbao na mabati kando ya ukuta wa jirani, kwa kuwa huko ndiko kulikobaki nafasi. Anamfungia humo kuanzia saa 12 asubuhi ili watoto, wageni na mama fua wapite kwa amani, kisha saa 3 usiku anamfungulia. Mbwa aliyelala mchana kutwa hana usingizi uliobaki. Ana nguvu za siku nzima ambazo hazijatumika, anaisikia boda boda ingali barabara kuu, na amepewa kazi moja tu. Anayelipia mpango huo ni jirani ambaye dirisha lake la chumba cha kulala liko mita chache kutoka kibandani.

Tunaanzia hapo kwa sababu watu huanzia kwingine: mbwa ni mbaya, mwenyewe ni jeuri, jirani ana roho mbaya. Mara nyingi tatizo ni mpangilio wa boma na ratiba ya mbwa, na vyote viwili hubadilika bila gharama kubwa.

Anabwekea nini?

Kubweka kuna aina zake. Mbwa wa ulinzi hubweka kwa vipindi vifupi, akikimbia kati ya geti na ukuta, na huacha kilichompita kikienda zake. Aliyechoka kwa upweke hubweka kwa mdundo uleule, hata saa nzima, bila kumtazama mtu wala kitu. Aliyezoea kuwa na watu akaachwa peke yake huanza ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya mlango kufungwa. Hulia, hukwaruza mlango na pengine kukojoa ndani. Wa nne ni yule anayejibu wenzake: mmoja akianza mwisho wa mtaa, koti nzima ya nyumba inaamka. Mbwa mzee aliyekuwa mtulivu kisha akaanza kubweka usiku ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa huenda ana maumivu, masikio au macho yamepungua nguvu, au akili imeanza kuchanganyikiwa kwa uzee.

Ili kujua ni aina gani, jirani anayekereka aweke daftari kwa siku 7 hadi 14. Ukiandika "anabweka usiku wote" hujamsaidia mtu. Andika hivi: "Jumanne, saa 4:40 usiku, dakika 12, soja wa nyumba ya tatu alikuwa akigonga mageti akizunguka. Saa 8:15 usiku, dakika 3, paka ukutani. Saa 11 alfajiri, dakika 25, watu wakienda stejini." Ongeza sauti mbili tatu ulizorekodi kwa simu ukiwa kitandani. Mistari mitatu kama hiyo tayari inaonyesha kwamba shida kubwa ni ya alfajiri, na kwamba inatokana na wapita njia wanaoonekana kupitia geti. Hilo lina dawa.

Kumwambia jirani

Usiende saa 8 usiku ukiwa na hasira, na usianzie kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mtu akilaumiwa mbele ya nyumba arobaini atajitetea, na wengine watachangamkia ugomvi. Nenda jioni ya wikendi, piga hodi, mjulie hali kwanza. Maneno kama haya yanatosha: "Habari ya jioni, Baba Kevo. Nimekuja kukusumbua kidogo. Sijui kama huko mbele mnamsikia, lakini mbwa amekuwa akibweka sana kuanzia saa 11 alfajiri na mtoto ana mitihani. Nimeandika saa zenyewe, pengine zitakusaidia kujua anaona nini."

Hapo kwenye "sijui kama mnamsikia" hakuna unafiki. Mwenye mbwa mara nyingi hasikii kweli: chumba chake kiko upande wa barabara, au amezoea, au mbwa hubweka akiwa kazini na akirudi humkuta kimya akitikisa mkia.

Mwenye mbwa naye ajizuie kusema "ni mbwa, ulitaka aimbe?" Aulize saa, apokee daftari, atoe namba yake ya simu, na wapange siku ya kuonana tena baada ya wiki mbili. Jirani aliyepewa tarehe huvumilia zaidi ya aliyeambiwa "tutaangalia".

Kurekebisha boma

Anza na geti. Geti la nondo, au lenye uwazi chini, humwonyesha mbwa kila kiatu kinachopita. Funika kwa bati kutoka chini hadi urefu unaopita macho ya mbwa akiwa amesimama, mita 1.2 hutosha kwa wengi. Asipoona, sehemu kubwa ya kubweka kwa alfajiri hupungua, ingawa atabaki na zile sauti anazosikia.

Kisha hamisha kibanda. Kiwe upande ulio mbali na vyumba vya kulala vya jirani, mlango ukitazama ndani ya boma, na kiwe na nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha. Kibanda kikiegemea ukuta wa pamoja, sauti hugonga ukuta na mabati na kurudi ikiwa imekua. Mbwa mkubwa akiwa karibu hufikisha desibeli 80 hadi 100, kwa hiyo kila mita unayoongeza ina maana.

Kubwa zaidi ni kupindua ratiba. Mbwa ashughulike mchana, alale usiku. Mtembeze dakika 30 hadi 45 asubuhi na jioni, si kumfungulia tu azunguke bustani aliyoizoea. Sehemu ya chakula cha jioni itawanye kwenye nyasi aitafute kwa pua. Robo saa ya kunusa humchosha kuliko watu wanavyodhani. Usiku alale ndani, stoo au jikoni. Wengi hukataa hapa: "basi ulinzi uko wapi?" Mbwa aliye ndani bado anasikia mlango ukiguswa na atakuamsha. Anayebwekea kila boda boda, kwa upande mwingine, amewafundisha wote, mwenyewe akiwemo, kutotoka kuangalia. Kibao cha "MBWA KALI" getini hufanya kazi zaidi yake.

Mnyororo wa kudumu si suluhisho. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia kinachomtisha, hivyo hubaki na njia mbili, kubweka na kuuma.

Kumfundisha kunyamaza, na mahali watu wanapoharibu

Mwache abweke mara mbili au tatu. Sema "basi" mara moja, kwa sauti ya kawaida, na umwekee puani kipande cha maini yaliyoiva, kidogo kama punje ya maharagwe. Akinusa, hawezi kubweka. Hesabu sekunde mbili za kimya, mpe. Siku zinazofuata ongeza hadi sekunde 5, 10, kisha 20. Vipindi viwe vya dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, na kila mtu nyumbani, hata msaidizi wa kazi, atumie neno lilelile.

Yanayoharibu ni machache na yanajirudia. Ukimpa nyama akiwa bado anabweka, umelipia kubweka. Ukimfokea kutoka dirishani, yeye anasikia kwamba na wewe umejiunga. Ukimpiga, atajifunza kukuogopa, lakini kinachopita getini kitaendelea kumsumbua. Na ukiacha kumjali mbwa anayebweka kuomba aingie ndani, ujue siku za kwanza atazidisha kabla hajapunguza. Ukichoka siku ya tano ukamfungulia, umemfundisha kwamba mlango hufunguka baada ya saa moja ya kelele. Mwambie jirani mapema kwamba wiki ya kwanza inaweza kuwa mbaya zaidi.

Kwa anayelia akiachwa peke yake, tatizo la kawaida katika maghorofa ya Kilimani au Roysambu, kumtoa kwenye baraza la juu ni kosa kubwa: sasa anawaona watu wote wa chini, na ghorofa zote zinamsikia. Mwache ndani, pazia zikiwa zimefungwa. Toka sekunde chache urudi kabla hajaanza kulia, kisha dakika moja, tatu, tano, kumi. Kazi hii ni ya wiki nyingi. Hali ikiwa kali, daktari wa mifugo ana dawa za kusaidia mafunzo.

Kuhasi nako kunaeleweka vibaya. Jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka, kwa kama wiki tatu kila mara, na madume ya mtaa mzima hulala getini kwako. Kumfunga uzazi kunamaliza hilo. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura na kupigana. Kubweka kwa ulinzi hakupungui sana, kwa hiyo usimpeleke kwa sababu hiyo peke yake ukarudi kulaumu daktari.

Ngazi, nyasi na kinyesi

Kwenye ngazi na lifti, kamba ya mita moja na nusu ifupishwe hadi mbwa awe gotini kwako, na umpishe mwenzako kwanza. "Haumi" haimsaidii mtu anayeogopa. Katika mitaa kama South C, Pangani na Eastleigh kuna jambo la ziada: kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Mbwa akiramba kanzu ya mtu anayeelekea msikitini Ijumaa, amempa kazi kamili.

Kinyesi kizolewe siku hiyohiyo, na si kwa heshima tu. Mayai ya minyoo mikubwa ya mbwa huhitaji wiki mbili hivi au zaidi ardhini kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kinachozolewa leo hakifiki huko. Mbwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na maini au mapafu ya mifugo yachemshwe hadi yaive kabisa kabla ya kumpa, maana yakiwa mabichi huleta minyoo ya tegu inayosababisha uvimbe wa maji kwa binadamu.

Sumu

Kuna wanaochoka wakarusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na nyama hiyo haichagui: paka wa nyumba ya tatu, mwewe, mtoto anayetambaa. Mbwa akianza kutoka povu, kutetemeka na kuyumba, mkimbize kwa daktari pamoja na mabaki ya alichokula. Maziwa hayaondoi sumu, na yanakula dakika ambazo hamna.

Mazungumzo yakishindikana

Pita kwa ngazi zake, ukiwa na daftari. Mpangaji amwone msimamizi wa ploti au mwenye nyumba, kwa sababu mkataba wa kupanga huenda una kifungu cha wanyama. Mtaa wenye kamati una kanuni zake. Baada ya hapo kuna Nyumba Kumi, yaani kamati ya usalama ya majirani, na ofisi ya chifu, ambako mengi huisha. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya udhibiti na ustawi wa mbwa ya 2015, inayodai leseni ya mbwa. Kanuni za kitaifa za kelele za 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira, huhesabu usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi na kuweka kiwango cha desibeli 35 kwa makazi. Mbwa akiharibu mali au kumjeruhi mtu, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani 2021, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Hiyo ni ya fidia. Usiipeleke kesi ya kubweka.

Akiuma

Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo. Usipake pilipili, kitunguu wala mafuta ya taa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Ratiba iliyozoeleka ya chanjo ya msulini ni siku 0, 3, 7, 14 na 28, na kidonda kikubwa huhitaji pia sindano ya kingamwili kwenye kidonda chenyewe.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama kwa siku 10 chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi kwenye mate alipouma, na daktari wa hospitali anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Mwenye mbwa atoe kadi ya chanjo bila kuombwa mara mbili. Chanjo hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Piga kadi picha uihifadhi kwenye simu, maana daktari wa hospitali atauliza tarehe hiyo usiku, na kadi mara nyingi huwa imefungiwa ofisini.