Homa, macho ya njano na maumivu chini ya mbavu: si malaria kila mara

Hapa Tabora mtu akitetemeka kwa homa, wa kwanza kushukiwa ni malaria. Ni haki yake. Mkoa wetu na jirani zetu wa Kigoma tumo katika mikoa yenye malaria nyingi nchini, na kipimo kifanyike bila kuchelewa. Lakini iko homa nyingine inayofanana nayo sana, na inaweza kuua ndani ya siku chache: maambukizi ya mirija ya nyongo.

Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kwa siku. Nyongo hiyo hupita kwenye mirija myembamba hadi utumbo mdogo, ambako husaidia kusaga mafuta. Njia ikiziba, nyongo hutuama, bakteria wa utumboni hupanda na kuzaliana humo, kisha msukumo huwaingiza kwenye damu. Mwaka 1877 daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, alieleza dalili tatu zinazoandamana: homa ya baridi kali, macho ya njano, na maumivu juu ya tumbo upande wa kulia. Si kila mgonjwa huwa nazo zote. Mzee anaweza kuletwa amechanganyikiwa tu na presha imeshuka. Huyo hasubiri kesho.

Malaria kali nayo hugeuza macho kuwa njano, na hapo ndipo wengi hupotea. Ulizia choo. Mrija ukiziba, rangi ya nyongo haifiki utumboni, kwa hiyo choo hupauka, huku mkojo ukiwa kama chai ya rangi na mwili ukiwasha. Na kipimo cha malaria kikisoma chanya, hakijafuta uwezekano wa mrija ulioziba. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Kinachoziba mara nyingi ni mawe yaliyotoka kwenye mfuko wa nyongo. Wenye selimundu, hata watoto, hupata mawe haya kwa sababu chembe zao za damu huvunjika mfululizo, na rangi inayobaki huganda. Kwa kuwa macho yao huwa ya njano mara kwa mara, nyumbani huonekana ni kawaida yao. Mimi hapo huwa na wasiwasi zaidi, si pungufu. Minyoo ya mviringo pia huweza kupanda kutoka utumboni na kujipenyeza mrijani. Anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuvimba kuta za mirija, na dawa za kufubaza virusi ndizo msingi wa kumsaidia. Upo pia uvimbe sugu wa kuta hizo usio na maambukizi, unaoacha makovu na kuongeza hatari ya saratani.

Saratani ya mirija yenyewe huja kimya: manjano yasiyo na maumivu, kuwashwa, kukonda, mara nyingi kwa aliyepita miaka 50. Kaskazini mashariki mwa Thailand huwapata wengi kwa sababu ya minyoo ya ini inayotoka kwa samaki wabichi. Hilo si letu. Mgebuka na dagaa wako waliopikwa endelea nao. Letu ni kuchelewa. Miezi ya mitishamba hupita, na upasuaji, ambao ndio wenye nafasi ya kuponya, huwa hauwezekani tena.

Sindano za antibayotiki ni lazima kwa maambukizi, ila zikiachwa peke yake homa hushuka kisha hurudi, kwa sababu mrija bado umeziba. Unazibuliwa kwa kifaa kinachopitishwa mdomoni, kwa mrija unaopitishwa kwenye ngozi hadi ini, au kwa upasuaji. Ultrasaundi ya hospitali ya Kitete hapa Tabora au Maweni ya Kigoma inaweza kuonyesha mirija iliyotanuka, kisha rufaa ikaandikwa kwenda hospitali kubwa ya Bugando (Mwanza) au Muhimbili (Dar es Salaam).

Ukifika zahanati, usiseme "nina homa" ukaishia hapo. Taja rangi ya mkojo, rangi ya choo, manjano yalianza lini, na kama una selimundu au uliwahi kuambiwa una mawe.