Kuli wa Kibaigwa na majibu ya ini

Alifika kliniki na karatasi ya majibu iliyochakaa kwa kukunjwakunjwa. AST 210, ALT 74. Miezi miwili alikuwa akiishi na maneno kwamba ini lake limeharibika, na pombe hajawahi kuionja. Homa ya ini B hana, C hana, VVU hana, ultrasaundi safi.

Tunaviita "vipimo vya ini", na jina hilo linatupotosha. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli. Seli ikiumia, vinamwagikia kwenye damu. ALT nyingi ni ya ini, lakini AST imejaa pia kwenye misuli, moyo na chembe nyekundu za damu. Hata sampuli iliyotikiswa vibaya njiani, chembe zikapasuka, hupandisha AST. Uwezo wa ini kufanya kazi hupimwa kwa mengine: albumini, bilirubini, muda wa damu kuganda. Yake yote yalikuwa sawa, na GGT, kimeng'enya kingine cha ini, pia.

Nikaweka karatasi pembeni. "Kaka, unafanya kazi gani?"

"Napakia mahindi soko la Kibaigwa, daktari."

Akavuta kola kunionyesha bega: sugu nyeusi, nene, pana kama kiganja. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, inapita kilo 100, naye siku ya mzigo hupanda nazo kwenye Fuso tangu alfajiri. Damu ya majibu yale alitolewa kesho ya siku ya mzigo.

Niliagiza CK, kimeng'enya cha misuli. Ikarudi zaidi ya mara kumi ya kawaida.

Sikuishia hapo, maana mahindi ya ukanda wetu wa kati yana habari yake. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walikula mahindi yenye sumukuvu, sumu ya ukungu inayoumiza ini, wakaumwa matumbo, wakatapika, macho yakawa manjano. Waliugua 68, wakafa 20. Ndiyo maana siandiki "sababu haijulikani" kabla sijauliza unga wa nyumbani ulihifadhiwaje. Dawa za TB nauliza, na mitishamba nauliza kwa jina lake, kwa sababu ukisema "dawa" mtu atajibu hatumii, na mizizi imechemka jikoni kwake asubuhi hiyo hiyo.

Kaka alipumzika siku kumi, kwa shida, kwani anayelipwa kwa gunia hana likizo. AST ikashuka hadi 34, ALT 29. Kwenye kadi yake nikaandika kwa kalamu nyekundu: asipimwe ini ndani ya wiki moja baada ya kupakia.