Ulezi-mwitu kitaluni: ung'oe ungali mdogo

Wenye vitalu vya miche mnatuuliza sana dawa ya nyasi, ila kwanza tujue ni nyasi gani, maana ukoka na ulezi-mwitu havitibiwi sawa. Ukoka unatambaa na kuota mizizi kwenye vifundo, unaishi miaka. Ulezi-mwitu ni wa msimu mmoja, ni ndugu kabisa wa ule ulezi wa uji, unakaa kishungi kimoja kilicholala chini kama sahani. Shika shina lake pale chini, utakuta limebapa na ni jeupe-jeupe kama fedha, halafu juu suke lake lina vidole viwili mpaka saba hivi vimetokea karibu sehemu moja, mara nyingi kimoja kinabaki nyuma kidogo.

Sasa balaa lake ni mbegu. Mmea mmoja ukiachwa unaweza kumwaga zaidi ya mbegu elfu 40, kwahiyo ile "nitapalilia wiki ijayo" ndo inakula faida yako. Ung'oe ukiwa na majani mawili matatu, baada ya kumwagilia, udongo ukiwa laini. Ukishakomaa mizizi inashika balaa, ukivuta kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) unatoka na udongo wote, na mche wa mparachichi unabaki mizizi juu. Ukishafika hapo bora ukate kwa kisu chini kabisa kwenye kitako, sio kukata majani tu maana utachipua.

Mbegu nyingi zinaingia kitaluni na samadi mbichi, zinapita tumboni mwa ng'ombe na bado zinaota, kwahiyo iozeshe kwenye rundo linalopata joto kweli na uligeuze. Udongo wa kujazia viriba utandaze, usiurundike, uloweshe, funika na nailoni angavu wiki 4 hadi 6 kipindi cha jua kali, hii watu wanaidharau ila inasaidia sana. Juu ya viriba weka pumba za mpunga sentimita 2 hivi, usizibananishe na shina.

Na njia jamani! Mtu anapalilia viriba safi kabisa, huku kwenye njia masuke yamejaa na viatu vinasambaza.

Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, haichagui mmea, upepo kidogo tu miche imeungua, na tangu miaka ya 1990 huko Malaysia kuna ulezi-mwitu usiokufa kwa dawa hiyo. Zipo dawa zinazoua jamii ya nyasi tu, ila soma lebo kama mche wako umetajwa, jaribu kwenye viriba vichache, na piga nyasi zikiwa changa.