Hajapigwa? Sawa, kapigana na nani?

Wiki hii tena. Meneja wa bondia mmoja kanitumia ujumbe wa sauti: kijana wake ana mapambano 14, kashinda yote, 11 kwa KO (mpinzani kaangushwa hakuendelea), kwa hiyo nimtafutie pambano la mkanda wa ubingwa. Nikamuuliza kapigana na nani. Kimya kirefu, halafu: "Kaka, rekodi si unaiona?"

Naiona. Mimi ni mpangaji wa mapambano ya ngumi, nachagua nani apigane na nani; kusoma rekodi ndiyo kazi inayonilisha, na nimechoka kubishana jambo hili kila mtu kwa zamu yake. Sifuri kwenye safu ya vipigo haikwambii kwamba bondia anajua ngumi. Inakwambia hajakutana na wa kumpiga, na aliyehakikisha hawakutani ni mtu wa kazi kama yangu.

Inavyokwenda ni hivi. Promota ana kijana anayeuza tiketi mtaani kwao. Raundi nne nne za mwanzo anapewa wazee waliokwisha, au mtu aliyepigiwa simu Jumatano aje kupigana Jumamosi, au wa uzani wa chini aliyekubali kupanda kwa sababu ana kodi ya nyumba. Sisemi ni dhambi. Kijana wa miaka 19 huwezi kumtupia mkongwe wa raundi kumi. Tatizo linaanza pale sita, saba, nane zote zinapokuwa hivyo hivyo, kisha watu wanaziongeza na kuziita kipaji. Ni kumsifu mwanafunzi kwa kupata mia kwa mia bila kuuliza mtihani ulikuwa wa darasa la ngapi.

Chukua John Mugabi wa Uganda, "The Beast", maana huyu si wa kubezwa. Medali ya fedha Moscow 1980. Machi 1986 alipanda ulingoni Las Vegas akiwa na mapambano 25, ushindi 25, KO 25. Karatasi safi kuliko hiyo huwezi kuiandika hata ukitunga. Upande wa pili Marvin Hagler, bingwa wa uzani wa kati, mwenye vipigo viwili na sare mbili. Kwa hesabu za mameneja wangu wa WhatsApp, Mugabi ndiye mbabe.

Sasa vitazame hivyo vipigo viwili vya Hagler. Vyote ni vya mwaka 1976, vyote Philadelphia, mbele ya mabondia wa mji huo huo, Bobby Watts na Willie Monroe. Hagler alikuwa mtu wa mji mwingine, Brockton, anasafiri kwenda kupigana nyumbani kwa watu, na uamuzi wa pambano la Watts unabishaniwa hadi leo. Baadaye akawarudia wote wawili na kuwapiga. Mimi nikipewa rekodi ile bila jina, vipigo viwili ndivyo vinanishtua: huyu alikwenda kutafuta watu wagumu kwao, akapigwa, akarudi kudai chake. Mugabi alitoa vita kubwa usiku ule, tusimnyime haki yake. Akapigwa KO raundi ya 11.

Na utamu wenyewe uko hapa. Mugabi alipokuwa hajapigwa hakuwa na mkanda wowote wa dunia. Mkanda wa WBC, moja ya taasisi za ubingwa wa dunia, wa uzani wa supawelta aliupata 1989, akiwa ameshapigwa na Hagler na Duane Thomas. Na huo nao usome vizuri: kwenye karatasi imeandikwa alimmaliza René Jacquot raundi ya kwanza, Ufaransa. Kilichotokea ni kwamba Jacquot aliumia kifundo cha mguu. Rekodi haina nafasi ya kifundo cha mguu. Mwaka uliofuata Terry Norris akamlaza Mugabi raundi ya kwanza, na hapo kifundo hakikuhusika.

Kwetu Tanzania hii hoja ilipaswa kufa Septemba 2018. Hassan Mwakinyo, mtoto wa Tanga, aliitwa dakika za mwisho kwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington, Mwingereza aliyekwisha kummaliza kwa KO Paulie Malignaggi, bingwa wa zamani wa dunia. Akammaliza raundi ya pili. Mwakinyo alikuwa ameshapoteza mara mbili kabla ya usiku ule! Alipokuja kupoteza kwa Liam Smith kule Liverpool 2022, mtandao mzima ukaimba "kwisha habari yake". Haya.

Birmingham hiyo hiyo alitoka Peter Buckley: mapambano 300, akapoteza 256. Cheka ukimaliza. Mtu wa hivyo anapanda ulingoni kila mara kwa taarifa fupi, anajua kujikinga, anamfundisha kijana wa promota namna ya kumkumbatia mpinzani na kupumua, anashuka salama, analipwa. Naseem Hamed, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alipitia mikononi mwake mara mbili akiwa bado anapanda. Ningepata kumi wa aina yake Dar, vijana wetu wangefika raundi nane wakiwa wanajua ngumi kweli.

Lakini sitaki mdhani naagiza watu wakapigwe. Robert Wangila aliipa Kenya dhahabu Seoul 1988, hadi leo dhahabu yao pekee ya Olimpiki nje ya riadha, na 1994 alifariki kutokana na majeraha ya pambano la Las Vegas. Pambano gumu hufundisha na pambano gumu huondoa kitu. Nimeona kijana akipokea kipigo kimoja cha KO, daktari akasema yuko sawa, na hakuwa yule tena mazoezini. Mwingine kapokea vitatu na akazidi kunoa. Kwa nini, sijui, na kocha anayekwambia anajua ana kitu anakuuzia. Kwa hiyo kijana alindwe mapambano mangapi kabla ya kupewa mtu wa kweli? Huwa nakisia. Natazama spa zake, yaani mapambano ya mazoezi, natazama anavyokaa kwenye kona akiwa amechoka, kisha nakisia.

Meneja wa mapambano 14 nimemjibu. Nina mpinzani mwenye vipigo tisa, saba kati yake ugenini kwa pointi, hajawahi kusimamishwa kabla ya raundi kwisha. Raundi nane, mwezi ujao, malipo mazuri. Ujumbe umesomwa tangu juzi.