Je, wajua kwa nini misitu ya kaya haikuisha?

Ukishika barabara ya pwani ya Kenya kutoka Diani kuelekea kusini, hoteli, maduka na viwanja vyenye kuta vinafuatana hadi Galu na Kinondo. Halafu, karibu kabisa na bahari, unakuta msitu. Miti mirefu imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, mizizi imepenya kwenye nyufa za mawe, na ndani mna kivuli kizito hata jua la adhuhuri likiwa kali. Hiyo ndiyo Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, wenye ukubwa wa hekta 30 hivi. Kiwanja cha ufukweni sehemu hiyo kinatafutwa na kila mwenye fedha, na pande zote watu wanahitaji kuni, fito na mashamba. Sasa msitu huu ulisalimika vipi?

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba watu waliogopa mizimu. Msitu ulikuwepo tangu dunia kuumbwa, watu wakauogopa, hakuna aliyeugusa, na ndiyo maana upo hadi leo. Jibu hilo limeandikwa katika vipeperushi vingi vya watalii, na limekosea karibu kila kitu. Tena kosa lenyewe si dogo, kwa sababu linawanyima haki yao watu waliofanya kazi ya kuutunza.

Kaya hazikuwa misitu iliyoachwa. Zilikuwa miji. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma walijenga makazi yao katikati ya msitu, mara nyingi juu ya kilima, wakauacha msitu mnene uwazunguke kama boma. Kuingia kulikuwa kwa njia nyembamba zilizopitia milango iliyolindwa. Adui aliyetaka kuvamia hakuweza kuja na kundi kubwa kwa mstari mpana. Ilimbidi apite kwenye kijia, mmoja nyuma ya mwenziwe, huku wenyeji wakimwona na yeye hawaoni. Katikati kulikuwa na uwanda wenye nyumba za koo mbalimbali, mahali pa baraza la wazee panapoitwa moroni, na fingo, yaani kinga ya mji, iliyozikwa mahali palipojulikana na wachache tu. Watu walizaliwa humo, wakaoana humo, wakahukumiana humo na kuzikana humo.

Kwa hiyo msitu ulikuwa ukuta wa mji, na ukuta hutunzwa na wenye mji. Kukata mti katika pete ile ya msitu kulikuwa sawa na kuwafungulia mlango watu wa vita. Wazee wa Mijikenda, jina la pamoja la makabila hayo tisa, wanasimulia kwamba mababu walikuja kutoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia mashambulizi ya Waoromo, na ndipo wakajenga kaya. UNESCO nayo inaziweka kaya kuanzia karne ya 16. Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini, kwa maana uchimbaji wa akiolojia umeonyesha kwamba baadhi ya maeneo hayo yalikuwa na watu karne nyingi kabla ya hapo. Masimulizi ya Singwaya yana uzito wake katika kueleza umoja wa makabila haya tisa, lakini hayatoshi kuwa kalenda. Ukisikia mtu akikutajia mwaka kamili ambao kaya fulani ilijengwa, mwombe akuonyeshe ameupata wapi.

Amani ilipoongezeka na biashara ya mazao ikapanuka, watu walianza kutoka nje ya boma kutafuta mashamba. Kuhama huko kulichukua muda mrefu, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimeachwa kama makazi. Nyumba zilianguka. Katika kaya nyingi ule uwanda wa katikati ukafungwa tena na vichaka na miti. Hivyo mgeni anayesimama ndani ya kaya akiamini kwamba yuko katika msitu usioguswa na binadamu, huenda amesimama palipokuwa na jiko la mtu.

Wenyewe walihama, lakini makaburi na fingo vilibaki, na pamoja navyo ikabaki haki ya wazee kusema nani aingie, aingie vipi na atoke na nini. Hapa ndipo lile neno "kuogopa" linapotudanganya. Hofu ilikuwepo na ipo, sikatai. Lakini hofu peke yake haina baraza, haina faini wala haina ruhusa, na kaya zina vyote vitatu. Wazee wanaketi, wanasikiliza shauri, wanamtoza aliyevunja mwiko kuku au mbuzi wa kutakasa mahali palipochafuliwa. Mganga anayehitaji mzizi au gome anaomba, na anapewa kwa masharti. Hii ni serikali ya msitu, yenye sheria na watu wa kuzisimamia.

Kwamba kaya zilikuwa na nguvu hiyo hata baada ya wengi kuhama, wakoloni walilijua vizuri. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipowakusanya Wagiriama kupinga kodi na kazi ya kulazimishwa, kiapo kiliapwa Kaya Fungo. Wakati huo Wagiriama wengi walikuwa wakiishi mbali na kaya yao. Hata hivyo serikali ya Kiingereza iliona kuwa haitawaweza bila kuivunja, na mwezi Agosti 1914 ikailipua kwa baruti. Hakuna anayelipua kichaka kitupu.

Sasa tuje kwenye miiko yenyewe, maana ndiyo iliyofanya kazi. Iliyo ya kawaida katika kaya nyingi ni hii: usikate mti, usiokote hata kuni kavu, usiingize mifugo, usitoke nje ya njia, usitoke na kitu ulichokikuta. Ule wa kutokata mti unajieleza. Watu wengi hushangazwa na ule wa kuni kavu. Tawi limekwisha kufa na limelala chini. Likiokotwa msitu unapungukiwa nini?

Fikiria nyumba ya makuti. Makuti yakiwa mazima na yamepangwa vizuri, mvua inateleza nje, jua halipigi ndani, na pau na boriti zinakaa miaka. Chomoa kuti moja. Nyumba haianguki, wala mwenye nyumba hataona tofauti wiki ile. Lakini maji yanapenya pale pale kila mvua inaponyesha, upau wa chini unaloa na kuoza, makuti ya jirani yanalegea kwa kukosa pa kushikia, na tundu lililokuwa la ngumi linakuwa la kupitisha mtu. Kinachoiua nyumba ni kila kitu kilichofuata baada ya lile kuti moja kutoka.

Majani ya juu ya msitu ndiyo makuti yake. Yakiwa yamefungamana, chini kunabaki baridi na unyevu, na miche ya miti ya msitu, ambayo imezoea kivuli, inakua polepole ikingoja nafasi. Mti mmoja mkubwa ukikatwa, jua linafika chini, udongo unakauka, na magugu yanayopenda mwanga yanawahi kabla ya ile miche. Upepo unaoingia kwenye pengo unaangusha matawi ya miti iliyo kando, ambayo haikuzoea kusimama peke yake, na pengo linapanuka.

Na hapo kuni kavu zinaingia. Juu ya mwamba wa matumbawe udongo ni haba sana, mahali pengine ni kina cha vidole tu kati ya mawe. Chakula cha mti hakiko katika udongo mzito wa chini kama ilivyo kwenye ardhi ya volkano. Sehemu kubwa iko katika majani yaliyoanguka na magogo yanayooza. Kuvu, mchwa na wadudu wengine wanayavunja, mvua inayapeleka kwenye mizizi iliyo karibu kabisa na uso wa ardhi, na mti unakula tena kile ulichokidondosha. Ukizoa kuni kila siku unakiondoa chakula hicho kabla hakijaliwa. Msitu hauonekani kufa. Unaacha tu kuzaa: miti mikubwa inasimama, chini hakuna miche, na siku mikubwa itakapoanguka hakuna wa kuirithi.

Mwiko wa kutotoka njiani una sababu ya aina hiyo hiyo, kwani mguu unaokanyaga popote unakanyaga miche na kuushindilia udongo huo mchache. Je, wazee walioweka miiko walikuwa wakifikiria mboji na kuvu? Hakuna ushahidi kwamba walilieleza jambo hili hivyo, na si haki kuwavisha maneno ya wanabiolojia wa leo. Walisema ni heshima kwa mababu na usalama wa mji. Matokeo yake ni kwamba masharti yaliyowekwa kwa sababu moja yalihifadhi pia kitu kingine, na yalikihifadhi vizuri kushinda misitu mingi iliyokuwa na askari.

Jambo jingine linalofanya miiko iwe ya lazima ni udogo wa kaya zenyewe. Nyingi zina makumi ya hekta tu. Chukua Kaya Kinondo na tuseme ni mraba: hekta 30 ni kama mita 550 kila upande. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba jua na upepo wa pembeni vinakausha msitu kwa mita 50 kuingia ndani. Kinachobaki kikiwa msitu kamili ni hekta 20, yaani theluthi moja imekwenda bila mti hata mmoja kukatwa. Kaya ya hekta 10 kwa hesabu hiyo hiyo inapoteza zaidi ya nusu. Msitu wa hekta 200 unapoteza chini ya asilimia 14. Ndiyo maana kumega "kipande kidogo tu cha pembeni" kwa ajili ya kiwanja kunauma zaidi kwenye kaya ndogo: kila ukimega, ukingo unasogea ndani pamoja nawe.

Na zimemegwa kweli. Utalii ulipopanda, kaya za ukanda wa Diani, Ukunda na Tiwi zilipoteza ardhi kwa hoteli na viwanja. Wanabotania Anne Robertson na Quentin Luke walizunguka kaya nyingi katika miaka ya 1980 wakiorodhesha mimea, na kazi yao ilisaidia kuonyesha kwamba vipande hivi vidogo vimebeba mimea adimu kupita kiasi cha ukubwa wake. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa msaada wa WWF, yalianzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani, na mwaka huo huo kaya zikaanza kutangazwa rasmi kuwa mali ya kale ya taifa. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza baadhi yake, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwaka uliofuata, 2009, UNESCO hiyo hiyo iliziweka mila na desturi zinazohusu kaya katika orodha nyingine: ya urithi unaohitaji kunusuriwa haraka. Miaka hii miwili isomwe pamoja. Msitu ulipewa heshima ya dunia wakati sheria zilizoutunza zikiwa hatarini. Vijana wengi hawaingii katika daraja za wazee, na huko Kilifi kuna wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Mzee mmoja akiuawa hivyo, linabaki katika baraza pengo ambalo uzio wa seng'enge hauwezi kulijaza.

Ndiyo sababu mpango wa Kaya Kinondo unastahili kutazamwa. Mwaka 2001 wenyeji, kwa kushirikiana na wahifadhi, waliifungua kaya kwa wageni wanaolipa, na wenyewe ndio wanaoiendesha. Mgeni anapofika anafungwa kaniki, ile nguo nyeusi, kiunoni. Anaelezwa masharti kabla ya hatua ya kwanza: usichume, usiokote, usipige picha bila ruhusa, msikumbatiane wala kubusiana humo ndani. Kisha mwongozaji wa kijijini anamtangulia kwenye kijia, anamwonyesha mti huu unatibu nini na ule unatumika vipi, na kuna sehemu hawafiki, kwa kuwa hazikufunguliwa kwa wageni. Ada inawalipa waongozaji na kusaidia mahitaji ya jamii.

Wapo wanaosema kwamba kuuza tiketi ni kuinajisi kaya. Hoja yao naiheshimu, na wazee wa kaya nyingine wamekataa kabisa kufungua zao, jambo ambalo ni haki yao. Lakini kwa maoni yangu Kinondo hawakuvunja desturi. Kaya tangu mwanzo ilikuwa mahali panapoingiwa kwa mlango, kwa ruhusa na kwa masharti ya wenyewe. Mtalii na kaniki yake yuko chini ya sheria ile ile iliyomhusu mgeni wa zamani, na fedha yake inampa kijana wa Kinondo sababu ya kujifunza majina ya miti kutoka kwa babu yake.

Mpango huu hauwezi kunakiliwa kila mahali. Kinondo iko jirani na hoteli za Diani, na mgeni anafika kwa muda mfupi. Kaya zilizo bara, kwenye vilima vya Rabai, Jibana na Kauma au kule Fungo, ziko mbali na ufukwe na hazipati wageni wa kiasi hicho, ilhali mahitaji ya kuni, mashamba na mawe ya ujenzi yanazizunguka vile vile. Huko kazi bado inabebwa na wazee na wachache wanaowasaidia, na hao ndio wanaohitaji kuungwa mkono kwanza: ramani za mipaka zinazotambuliwa na kaunti, walinzi wa kijijini wanaolipwa, na mahakama inayolichukulia shauri la kukata mti wa kaya kwa uzito ule ule ambao moroni imelichukulia siku zote.